Kuwashukuru wenzako wanaolipwa kidogo kwenye kampuni ya vifurushi: mwongozo kamili, kuanzia getini hadi kwenye boda

Mteja wa kampuni ya vifurushi anawajua watu wawili tu. Anamjua dada wa kaunta aliyempimia mzigo na kumkatia risiti, na anamjua kijana wa boda aliyempigia simu mara tatu akiulizia nyumba yenye geti jeusi nyuma ya msikiti. Katikati ya hao kuna msururu wa watu asiowaona: utingo aliyekesha na lori kutoka Mwanza, vibarua wanaoshusha mizigo alfajiri, wanaochambua vifurushi kwa maeneo, mlinzi, mama wa usafi. Ndio wanaolipwa kidogo kuliko wote, na mwisho wa mwaka ndio wanaoangukia kwenye ile sehemu ya hotuba inayosema "na wengine wote ambao sikuwataja".

Mwongozo huu ni wa mtu wa katikati: karani, msimamizi wa zamu, mhasibu, mtu wa huduma kwa wateja. Huna uwezo wa kupandisha mshahara wa mtu. Una hela kidogo, una kalamu, na una sauti ambayo ukipanda nayo ghorofa ya pili inasikilizwa. Mifano yangu ni ya Dar es Salaam, lakini anayefanya kazi hii Mombasa au Kampala hatapata shida kuitambua.

Msimamo wangu nautanguliza ili tusisumbuane: kabla hujampa mtu zawadi, angalia kwanza kazi yenu inamtoa nini mfukoni. Ukimletea keki kijana anayewapigia wateja wenu kwa bando lake mwenyewe, ataila na atakushukuru, maana ana adabu. Lakini hesabu anaijua.

Hatua ya 1: Tengeneza orodha yako mwenyewe

Usianze na orodha ya mishahara iliyo kwa mhasibu. Mlinzi hayumo humo, ameajiriwa na kampuni ya ulinzi. Mama wa usafi hayumo, ameletwa na kampuni ya usafi. Vibarua wa kushusha wanalipwa kwa siku, na vijana wengi wa boda wanalipwa kwa idadi ya vifurushi walivyofikisha. Ndiyo maana kapu za sikukuu zinagawiwa ofisi nzima, halafu mzee aliyelifungulia geti gari lililoleta hizo kapu anabaki mikono mitupu.

Chukua daftari ukae sehemu ya kushushia mizigo siku moja, tangu lori linapoingia mpaka boda ya mwisho inapotoka. Kwa kila mtu andika jina analopenda kuitwa, anayemlipa ni nani, analipwa lini, anarudi nyumbani kwa usafiri gani, na kama anafunga Ramadhani au Kwaresima. Andika pia namba yake ya simu ya kupokelea pesa pamoja na jina linalotokea ukituma. Wengine laini zao zimesajiliwa kwa jina la mke au kaka, na usipolijua hilo mapema utasita dakika ya mwisho ukidhani unatapeliwa.

Ila usifanye sensa siku hiyo. Usiyoyaona kwa macho yatajulikana kwa maongezi ya kawaida ndani ya wiki mbili tatu, nawe uyaandike baadaye. Ukienda na kalamu unamuuliza kibarua analipwa shilingi ngapi, ataona wanapunguzwa.

Siku hiyo moja utaona kazi ambayo haiandikwi popote. Mlango wa nyuma wa lori unafunguliwa saa kumi na moja alfajiri, joto linatoka ndani pamoja na harufu ya dagaa. Friji limefungwa kwa kamba ubavuni, magunia ya mchele yamelaliana, na juu ya boksi la nguo za harusi za mtu kuna ndoo ya samaki imeanza kuvuja. Kijana mmoja anaishusha ndoo, anavua kizibao, anafuta boksi kwa fulana yake, analipeleka sehemu kavu, anaendelea. Mteja atapokea boksi safi na kuisifu kampuni. Jambo hilo liandike kwenye daftari, tutalitumia mbele.

Hatua ya 2: Salamu inafuata umri, haifuati cheo

Hii ni fupi. Mlinzi mwenye umri wa baba yako anapewa shikamoo, hata kama wewe ndiye unayesaini fomu ya mahudhurio yake. Mama wa usafi ni mama. Kijana wa boda ana jina, na "wewe boda" si jina. Wapo makarani wanaosema "kuli" mbele ya mtu mwenyewe kwa sababu wazee wao walikuwa wakisema hivyo; acha. "Pole na kazi" unapopita, ukisimama hata kidogo, inapokelewa tofauti na ile inayorushwa huku unatazama simu.

Na kuanzia leo, mkutano wa asubuhi ukifanyika ofisini, wa stoo nao waambiwe kilichozungumzwa. Watu wanajiona wageni kazini kwao kwa sababu habari ya lori kuchelewa wanaisikia kwa mteja.

Hatua ya 3: Tafuta kinachowatoka mfukoni, kisha kizuie

Hapa ndipo penye kazi kubwa.

Anza na simu. Kijana wa boda mwenye vifurushi vya Tegeta, Bunju na Mbweni anapiga simu siku nzima, na wateja wengine wanataka wapigiwe tena baada ya nusu saa. Ulizia nani ananunua vocha. Kama ni yeye, andika maombi ya bando la mwezi kwa kila anayepeleka mizigo. Kama ofisi inasuasua, panga kaunta ipige simu kwanza: kabla boda haijatoka, karani anampigia kila mteja, anathibitisha yupo, anaomba atume lokesheni kwa WhatsApp. Kwa karani ni kazi ya asubuhi tu, lakini inaokoa mafuta ya watu wote.

Sambamba na hilo, angalia unavyoandika mizigo kaunta. Kila namba ya simu uliyokosea tarakimu moja ni mafuta ya mtu mwingine. Mtu anayelipwa kwa kifurushi kilichofika halipwi safari ya kwenda Gongo la Mboto na kurudi na mzigo ambao mwenyewe hakupatikana. Chukua namba mbili za mpokeaji, msomee mtumaji moja baada ya nyingine, andika alama ya karibu na nyumba: shule, kituo cha daladala, duka la dawa. Ninavyoona mimi, hakuna shukrani inayomfaa kijana wa boda kuliko risiti iliyoandikwa vizuri.

Kisha uzito. Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwaka 1967 kwamba mwanaume mzima asibebe peke yake kwa mikono mzigo unaozidi kilo 55. Mfuko wa saruji ni kilo 50. Lumbesa, lile gunia lililorefushwa kwa kushonewa nyavu juu, linapita hapo mbali, na bado watu wanalipandisha mgongoni. Ukipokea mzigo mzito, andika kwa kalamu nene upande unaoonekana: KILO 70, WATU WAWILI. Gunia la lumbesa mwambie mteja aligawe kabla hujampimia. Na pigania toroli. Kampuni inayonunua kiyoyozi kipya cha ofisi haiwezi kudai haina hela ya toroli. Waambie kwa upole, ila waambie.

Mambo mengine nayapitia haraka. Vijana wa boda wanatumia choo gani? Kuna ofisi ambazo choo cha ndani ni cha "wafanyakazi" na wao wanaelekezwa kituo cha mafuta. Maji ya kunywa yanafika stoo, au yanaishia mapokezi? Wakisubiri mizigo wanakaa kwenye kivuli au juani? Masika, kuanzia Machi mpaka Mei, nani ananunua makoti ya mvua na gambuti? Glavu za kushushia mizigo zinabadilishwa zikitoboka, au mpaka mtu aumie? Lori likiingia saa nne usiku na daladala za kwao zimeshaadimika, nauli ya bodaboda ya kurudi nyumbani ni ya nani?

Chagua mawili kwa mwezi uyafuatilie mpaka yaishe. Ukiyabeba yote kwa pamoja utapeleka juu orodha ndefu, itawekwa kwenye faili, na hakuna hata moja litakalotoka.

Hatua ya 4: Hakikisha wanapata cha kisheria

Kumpongeza mtu kwa kujituma saa za ziada ambazo hakulipwa ni kumcheka. Kwa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaeleza mambo ambayo karani yeyote anaweza kuyafuatilia kwa kutazama daftari la mahudhurio:

- Saa za kawaida hazizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki, ndani ya siku 6.
- Saa ya ziada inalipwa si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi wa saa, na saa hizo zisizidi 50 katika kipindi cha wiki nne.
- Kazi ya usiku, kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi, ina nyongeza ya asilimia 5. Lori la alfajiri limo humo.
- Sikukuu ya taifa au siku ya mapumziko ya wiki ukifanya kazi, malipo ni mara mbili.
- Aliyefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo anastahili mapumziko ya dakika 60.

La kufuatilia kwa jicho kali zaidi ni makato. Kifurushi kikipotea, desturi ya kampuni nyingi ni kumkata wa chini kabisa kwenye mnyororo, yaani aliyekishika mwisho. Sheria hairuhusu hilo kirahisi. Hasara lazima iwe imetokea akiwa kazini kwa kosa lake, aelezwe kwa maandishi sababu na kiasi anachodaiwa, apewe nafasi ya kupinga, akubali kwa maandishi, na jumla ya makato isizidi robo ya mshahara wake wa fedha. Wewe mwenye karatasi za mapokezi ndiye unayeweza kuonyesha kwamba mzigo ulikuwa umeshafunguka kabla haujamfikia. Toa hizo karatasi, na usingoje uombwe. Mtu uliyemwokoa na makato ya kuonewa hatakusahau, hata usimpe kofia wala fulana.

Angalia pia kama michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inapelekwa kweli au inakatwa tu. Mwanachama anaweza kuulizia taarifa zake mwenyewe. Kazi yako ni kumwambia hivyo na kumpa muda wa kwenda. Akiumia kazini kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao mwajiri ndiye anayeuchangia, mfanyakazi hakatwi hata senti. Ajali isiporipotiwa mfuko hauna la kufanya, na anayejua kujaza zile fomu mara nyingi ni karani. Kibarua aliyeangukiwa na boksi mguuni hawezi kuchechemea idara hadi idara akiulizia fomu. Ijaze naye siku hiyo hiyo, pamoja na majina ya walioona.

Kwa wale wa kampuni ya ulinzi na ya usafi, mlipaji si ofisi yenu, lakini mkataba wa huduma ni wenu. Mlinzi akikwambia mshahara umechelewa mwezi wa pili, anayesimamia mkataba ule ana haki ya kuuliza. Mpelekee habari bila kumtaja mlinzi.

Hatua ya 5: Sema asante yenye maelezo

Sasa fungua daftari la hatua ya kwanza. "Asanteni kwa kazi nzuri" kwenye grupu la WhatsApp haimfikii mtu. Asante inayofika inataja alichofanya, siku gani, na kilisaidia nini.

Kwa kijana wa stoo:

"Kaka, jana alfajiri nimeona ulivyolihamisha lile boksi la nguo kabla maji ya samaki hayajaliloanisha. Lilikuwa la bibi harusi, na harusi ni Jumamosi. Amelipokea leo, halina hata doa. Asante sana."

Kwa mama wa usafi:

"Mama, shikamoo. Ile bahasha uliyoiokota chini ya kaunta ukaileta kwangu ilikuwa na vyeti vya shule vya mteja. Amekuja analia, ameondoka anacheka. Nimemwambia ni wewe uliyeiona."

Kwa kijana wa boda tuma sauti badala ya maandishi, ataisikiliza akipumzika. Usimpigie akiwa barabarani kwa ajili ya kumpongeza. Atapokea akidhani kuna tatizo, na Barabara ya Mandela si mahali pa kupokelea simu.

Mwambie mtu asante yake peke yake kwanza. Wapo wanaopenda kusifiwa mbele za watu na wapo ambao wakisifiwa leo, kesho wenzao wanawaita "mtoto wa bosi". Muulize kabla hujaitaja kwenye kikao.

Kuhusu "mfanyakazi bora wa mwezi" nitasema langu. Ile picha ukutani karibu kila mara ni ya mtu wa kaunta au wa ofisini, kwa sababu ndiye wapiga kura wanayemwona. Kama kampuni yenu inayo na haiwezi kuiacha, dai angalau izunguke kwa idara: mwezi huu stoo, ujao wasafirishaji, unaofuata usafi na ulinzi, na wanaochagua wawe wa idara hiyo hiyo. Tuzo za Mei Mosi zina uzito zaidi, maana zina bahasha na cheti na mtu anaitwa jina mbele ya wenzake. Jina la mtu wa stoo lipeleke mapema, wakati kamati inapokusanya mapendekezo. Zikishashonwa fulana, umechelewa.

Hatua ya 6: Zipeleke sifa juu, kwa maandishi

Sifa za mdomo zinaishia mlangoni. Barua inakaa kwenye jalada la mtu, na siku mkataba wake unajadiliwa ndiyo itakayosomwa. Iwe fupi, nusu ukurasa unatosha:

"Kwa Meneja wa Tawi. Yah: Utendaji wa msaidizi wa stoo, zamu ya alfajiri. Napenda kukujulisha kuwa katika wiki ya sikukuu, mfanyakazi huyu alichambua mizigo ya maeneo yote ya Kigamboni peke yake baada ya wenzake wawili kuugua, na hakuna mzigo wa eneo hilo uliolala. Aidha, ndiye aliyependekeza mizigo ya majimaji ipangwe upande wa kushoto wa lori, utaratibu tunaoutumia sasa. Naomba barua hii iwekwe kwenye kumbukumbu zake."

Weka jina kamili, tarehe na sahihi yako, na nakala umpe mwenyewe. Sentensi inayoanza na "Aidha" ndiyo muhimu kuliko zote. Mawazo mazuri ya stoo yana tabia ya kupanda ngazi yakifika juu yana jina la msimamizi. Wewe hakikisha yanapanda na mwenyewe.

Mteja akipiga simu kusifu, mwombe aandike ujumbe mfupi, kisha uuambatishe. Akitaka kumpa kijana wa boda hela ya soda, ampe mkononi au amtumie moja kwa moja. Hela hiyo isipitie kaunta.

Hatua ya 7: Zawadi, hela na chakula

Ukiuliza watu wanataka nini, wengi watakwambia hela, na hawakosei. Kwa hiyo kama mmechanga ofisini, gawanyeni hela, kwa taratibu hizi:

Toa kwa usawa kwa watu wa ngazi moja. Ukimpa mmoja elfu ishirini na mwenzake elfu kumi, hujashukuru mtu, umewagombanisha. Ukituma kwa simu, tuma na ya kutolea. Elfu kumi ambayo akienda kwa wakala inakatwa si elfu kumi uliyomuahidi. Ukitoa taslimu, weka kwenye bahasha yenye jina lake, mpe akiwa peke yake, na usimpige picha akipokea. Picha za watu wamepanga foleni wakipokea sukari zina mahali pake. Kazini si hapo.

Angalia tarehe. Bahasha ya mchana wa tarehe 24 Desemba imechelewa, mtu ameshakopa nauli ya kwenda Moshi au ameshaghairi safari. Itoke wiki mbili kabla. Ya Iddi itoke kabla kumi la mwisho halijaisha, wakati nguo za watoto hazijapanda bei Kariakoo. Na kama mna hela ya kutoa mara moja tu kwa mwaka, iacheni mpaka wiki ya kwanza ya Januari. Desemba kila mtu anakumbukwa. Januari shule zinafunguliwa, kuna sare na madaftari, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo, na stoo yenu imejaa masanduku ya chuma na magodoro ya wanafunzi wa bweni yanayosubiri kubebwa na watu hao hao.

Chakula ni kizuri kama kinafika zamu zote. Pilau ya saa saba mchana haimkuti wa alfajiri wala mlinzi wa usiku. Wawekeeni sahani zao mapema kabla hamjaanza kupakua, zisiwe za makombo. Mwezi wa Ramadhani, waliofunga na wako barabarani jua linapozama, kwenye saa kumi na mbili na nusu hivi, wanafuturia popote walipo. Mfuko mdogo wenye tende, maji, kaimati na vipande vya mihogo, unaotoka nao mchana kwenye boksi la boda, unawafaa kuliko karamu ya futari ya hotelini ambayo hawatawahi. Siku za kawaida kuna njia rahisi: ongea na mama lishe wa jirani, lipia sahani za wiki nzima za watu wa zamu ngumu, kisha waambie wakale wanachotaka. Kaa nao siku moja ule.

Vitu navyo vina mahali pake. Reflekta nzuri, koti la mvua lisilopitisha maji, chupa ya maji inayotunza baridi, betri ya akiba ya simu. Mugi yenye nembo ya kampuni haina kazi kwa mtu anayekunywa chai amesimama. Ila kumbuka vifaa vya usalama ni wajibu wa mwajiri. Helmeti ikitolewa na kampuni kama zawadi ya sikukuu, mjue mmedanganyana.

Tahadhari moja. Msimamizi mwanaume asimpe dada wa usafi au wa stoo zawadi ya peke yake, faraghani, hata kama nia yake ni safi. Maneno yakianza, atakayeumia ni yule dada. Zawadi itoke kwa kundi, na ikabidhiwe na mwanamke mwenzake.

Hatua ya 8: Michango, harusi na misiba

Pengine ofisi ndiyo inayowaumiza hapa bila kujua. Bosi anaoza binti, kadi za mchango zinapita, single elfu hamsini, double laki moja. Karani anaweka jina lake. Kibarua naye anapewa kadi, tena mkononi, na anayempa ndiye anayepanga nani aitwe kazini kesho. Atachanga. Atakopa ili achange.

Wewe unayeshika daftari la michango unaweza kuzuia hilo. Wa malipo ya siku wasipewe kadi yenye kiwango. Waambiwe kuna harusi na wanakaribishwa, basi. Orodha ya waliochanga, yenye majina na viwango, isipostiwe kwenye grupu. Na kama mtu wa chini amechanga elfu tano, ipokee kwa heshima ile ile uliyopokelea laki, umtumie na kadi ya kuingilia.

Kisha geuza upande. Kijana wa stoo akioa, ofisi inachanga? Akifiwa, nani anakwenda? Ofisi nyingi zina utaratibu wa rambirambi kwa walioajiriwa, na kwa vibarua hakuna kitu. Anzisheni mfuko mdogo wa kila mwezi, mchango kulingana na kipato, rambirambi sawa kwa wote. Na msibani nenda mwenyewe. Ukifika Chanika au Mbagala Chamazi ukakaa kwenye turubai saa nzima, ukamsalimia mama yake, ukala chakula ulichopewa, ndugu zake watajua ndugu yao anaheshimiwa anakofanya kazi. Bahasha uliyomtuma mtu aipeleke haiwezi kusema hivyo.

Mwenye mgonjwa nyumbani au anayeuguza hospitali mbadilishie zamu kabla hajaomba. Wengi hawaombi, wanaogopa nafasi zao zitachukuliwa.

Hatua ya 9: Msaidie kupanda, au kuondoka vizuri

Mtu ambaye amekuwa akishusha mizigo miaka mingi, mgongo unaanza kumsema. Shukrani ya maana kwa mtu huyo ni njia ya kutoka kwenye lori. Muulize anataka kuwa nani. Wengi watasema dereva. Basi mweleze njia: mafunzo ya udereva yapo kwenye vyuo vya ufundi vya VETA, na kwa magari makubwa yapo pia Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, pale Mabibo. Leseni ya pikipiki ni daraja A, gari dogo la kawaida ni D, magari ya mizigo mizito yanataka E. Ofisi isipotoa ada, itoe ratiba: zamu moja isiyobadilika kwa muda wa mafunzo, ili asikose darasa kwa sababu lori la Mbeya limechelewa. Na wewe unaweza kumkopesha ada bila riba, kwa maandishi ya kueleweka, arudishe kidogo kidogo.

Anayetaka kuhamia kaunta mfundishe mfumo wa kusajili mizigo saa za mchana ambazo hakuna foleni. Mwache aandike risiti kumi huku umekaa pembeni. Nafasi ikitangazwa atakuwa na la kusema, na barua yako ya hatua ya sita itakuwa tayari kwenye jalada lake.

Wengine wataondoka, na ni haki yao. Aliyeajiriwa anastahili cheti cha utumishi anapomaliza ajira. Hakikisha hakitoki na neno "kibarua" wakati kazi yake ilikuwa ya kuendesha foklifti. Kwa asiye na mkataba, mwandikie barua kwenye karatasi yenye nembo, iseme kazi halisi alizozifanya: alishika mizigo ya thamani, alifungua na kufunga stoo, alikusanya fedha za wateja na hesabu haikupungua. Weka namba yako ya simu chini. Wakikupigia kuulizia habari zake, pokea.